Ini likikosa damu: RNA ndogo zina ahadi gani kwa Bukoba na Muleba?

*Maabara za dunia zimegundua molekuli zinazoweza kulikinga ini pale damu inapokatika na kisha kurejea. Kagera, ambako Marburg, kichocho na selimundu huliandama ini kila mmoja kwa njia yake, ina kila sababu ya kudai nafasi katika utafiti huo.*

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Machi 2023, katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, ndugu wa familia moja walianza kuugua, kisha wakafuata waliowahudumia. Homa kali, kutapika, kuharisha, mwili kuishiwa nguvu, na kwa baadhi yao damu kutoka sehemu mbalimbali za mwili. Mgonjwa wa kwanza alikuwa amerejea kijijini kutoka kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba.

Tarehe 21 Machi, Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitangaza kwamba ugonjwa huo ni Marburg. Haukuwa umewahi kuthibitishwa Tanzania. Ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, wagonjwa walikuwa 9: wanane waliothibitishwa maabara na mmoja aliyehesabiwa kwa dalili na mazingira yake. Sita walifariki dunia, akiwamo mhudumu wa afya. Watatu walipona.

Wengi wanaukumbuka ugonjwa huo kwa damu iliyoonekana. Ndani ya mwili kuna madhara mengine yasiyoonekana kwa macho. Kirusi cha Marburg huingia kwenye seli za ini na kuziua. Wakati huohuo mishipa ya damu huvuja, presha hushuka, na mabonge madogo ya damu iliyoganda huziba njia nyembamba. Ini linashambuliwa na kirusi huku likinyimwa damu ya kulitunza.

Kunyimwa huko damu ndiko kunakowashughulisha wanasayansi wa nchi nyingi kwa sasa. Wanachunguza RNA ndogo, molekuli ambazo hazijengi protini lakini huamua protini zipi zijengwe, na wanauliza kama zinaweza kuliokoa ini wakati wa dhiki. Hapa Kagera swali linakwenda mbali zaidi: elimu hiyo ikikomaa, itamfikia mgonjwa wa Goziba au wa Kamachumu, Muleba, au wa Maruku? Na itamfikia kwa sura gani?

Kiungo kinachokunywa robo ya damu

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu. Kila dakika hupitiwa na takriban lita moja na nusu ya damu, karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo.

Damu hiyo huja kwa njia mbili. Robo tatu yake huletwa na mshipa mkuu unaotoka kwenye utumbo na wengu. Imebeba chakula, ila oksijeni yake imeshapungua. Iliyobaki huja kwa ateri, ikiwa imejaa oksijeni.

Presha ya mwili ikishuka ghafla, iwe kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, dereva wa bodaboda aliyepasuka wengu au mgonjwa wa Marburg, mwili hulinda kwanza ubongo na moyo. Mishipa ya tumboni hujibana. Ini hupoteza damu ya njia zote mbili kwa pamoja. Ndani ya dakika chache nishati ya seli zake huporomoka, pampu zinazotoa chumvi na kalisi nje ya seli husimama, na seli huanza kuvimba.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba madhara makubwa mara nyingi huja damu inaporejea. Ni kama shamba la migomba lililopasuka kwa ukame likapigwa na mvua kubwa ya ghafla: maji yaliyosubiriwa ndiyo yanayobeba udongo. Oksijeni ikimiminika kwenye seli zilizodhoofika, mitokondria, yaani vituo vya nishati vya seli, hutoa kemikali kali zinazounguza utando wa seli. Seli za Kupffer, ambazo ni walinzi wa kudumu wa ini, hutoa ishara ya hatari. Chembe nyeupe za damu hufika kwa wingi, hubanana ndani ya mishipa myembamba na kuiziba upya. Seli zilizonusurika kukosa hewa hufa kwa moto wa uponyaji wenyewe.

> Madhara makubwa mara nyingi huja damu inaporejea.

Madaktari wa upasuaji wamekuwa wakishughulika na ini linalokatiwa damu kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1908, James Hogarth Pringle wa Glasgow alieleza namna ya kulibana kwa muda fungu la mishipa inayoingia kwenye ini ili kuzuia damu ya majeruhi. Njia hiyo bado inatumika, lakini kwa hesabu: kwa kawaida mpasuaji hubana kwa takriban dakika 15, kisha huachia kwa dakika 5 ili ini lipumue.

Upandikizaji wa viungo uliongeza uzito wa suala hilo. Tangu Thomas Starzl alipojaribu kupandikiza ini la binadamu mjini Denver mwaka 1963, kila ini linalotolewa kwa mtu mmoja na kuwekwa kwa mwingine hukaa muda fulani bila damu. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa wakiongozwa kutoka Oxford walichapisha matokeo ya upandikizaji 220. Ini lililohifadhiwa kwenye mashine inayolipitishia damu yenye joto la mwili lilionyesha madhara pungufu kwa nusu, kwa kipimo cha vimeng'enya, kuliko lililohifadhiwa kwenye barafu.

Mashine ya namna hiyo haisafirishwi kwa boti hadi Goziba. Ndiyo sababu wazo la kuikinga seli kutoka ndani, kwa molekuli inayoweza kuingia kwenye bomba la sindano, linastahili kufuatiliwa.

RNA zisizojenga protini

Kila seli yenye kiini hubeba DNA, na ndani yake mna takriban jeni 20,000 zenye maelekezo ya kujenga protini. Maelekezo hayo hunakiliwa kwenye RNA, na nakala hiyo husomwa ili protini itengenezwe. Hata hivyo, sehemu ya DNA inayohusika moja kwa moja na protini haifiki asilimia 2 ya DNA yote.

Kwa miaka mingi sehemu iliyobaki ilipuuzwa. Baadaye ilibainika kuwa sehemu kubwa yake nayo hunakiliwa kuwa RNA. Nakala hizo hazijengi protini, na nyingi kati ya zile zinazofahamika hufanya kazi ya usimamizi: hupunguza, huongeza au huchelewesha utengenezaji wa protini fulani.

Ugunduzi ulianzia kwa mnyoo mwenye urefu wa milimita moja. Mwaka 1993, Victor Ambros, pamoja na Rosalind Lee na Rhonda Feinbaum, walionyesha kwamba jeni moja ya mnyoo huyo hutoa RNA fupi mno, yenye herufi 22 hivi. Gary Ruvkun akaonyesha kuwa RNA hiyo huishika nakala ya jeni nyingine na kuinyamazisha. Kwa kazi hiyo, Ambros na Ruvkun walitangazwa washindi wa Tuzo ya Nobeli ya tiba tarehe 7 Oktoba 2024. Leo RNA hizo fupi huitwa maikroRNA, na mwili wa binadamu una mamia ya aina zake. Zipo pia RNA ndefu zisizojenga protini, kama MALAT1, ambazo nazo huchunguzwa kwenye majeraha ya ini.

Mwaka 1998, Andrew Fire na Craig Mello walieleza njia nyingine: RNA ya nyuzi mbili ikiingizwa kwenye seli huweza kunyamazisha jeni iliyolengwa. Hao nao walipata Nobeli, mwaka 2006. Kutoka hapo zikazaliwa dawa.

Ini limekuwa mlango wa kwanza wa dawa hizo kwa sababu ya maumbile yake. Chembe ndogo za mafuta zinazobeba RNA zikidungwa kwenye mshipa, nyingi huishia kwenye ini. Tena seli za ini zina vipokezi vinavyodaka aina fulani ya sukari, kwa hiyo RNA ikifungwa kwenye sukari hiyo hufika moja kwa moja. Patisirani, dawa ya kwanza ya aina hii, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ajili ya ugonjwa wa kurithi unaosababishwa na protini itokayo kwenye ini.

Ngao, ishara na ngazi ya adui

Kati ya maikroRNA zote, iliyo na mengi ya kusema kuhusu ini ni ile inayoitwa miR-122. Peke yake ni karibu asilimia 70 ya maikroRNA zote za ini la mtu mzima.

Mwaka 2021 kundi la watafiti wa Houston, Marekani, lilichapisha kazi iliyoonyesha kuwa ini likikosa oksijeni huongeza miR-122 kama njia ya kujihami. Panya walioondolewa molekuli hiyo kwenye ini waliumia zaidi damu ilipokatwa na kurudishwa. Kwao, miR-122 ni ngao.

Molekuli hiyohiyo hutumiwa na adui. Mwaka 2005 ilibainika kuwa kirusi cha homa ya ini aina ya C huihitaji ili kizaliane. Dawa ya kuizuia, miravirseni, ilijaribiwa kwa wagonjwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kirusi kikipungua. Mwaka mmoja kabla yake, majaribio ya panya yalikuwa yameshaonyesha kwamba ini lisilo na miR-122 tangu mwanzo hupata mafuta, makovu na hatimaye saratani.

Hapo ndipo ugumu wa fani hii unapoonekana. MaikroRNA moja husimamia jeni nyingi kwa wakati mmoja. Kuipandisha au kuishusha kunaweza kutibu hapa na kudhuru pale. Kinyume cha miR-122 ni miR-155, ambayo huchochea uvimbe: mwaka 2015 ilionyeshwa kuwa panya wasio nayo hupata madhara pungufu ini lao linaponyimwa damu. Lakini miR-155 inahitajika pia na kinga ya mwili katika kupambana na maambukizi, na Kagera si mahali pa kuichezea kinga.

> MaikroRNA moja husimamia jeni nyingi. Kuipandisha au kuishusha kunaweza kutibu hapa na kudhuru pale.

Kwa Marburg yenyewe, RNA za kunyamazisha jeni zimeshajaribiwa. Mwaka 2014 watafiti wa Galveston, Texas, walichapisha matokeo ya nyani walioambukizwa kirusi hicho kisha wakapewa RNA fupi iliyolenga jeni ya kirusi. Waliopewa tiba walinusurika, hata pale ilipoanza siku tatu baada ya maambukizi. Miaka tisa baadaye, wagonjwa wa Bukoba walihudumiwa kwa maji ya dripu, kudhibiti dalili na uangalizi wa karibu, kwa kuwa hapakuwa na dawa iliyoidhinishwa. Rwanda ilipokumbwa na Marburg mwaka 2024, ilitumia dawa za majaribio za aina nyingine pamoja na huduma kali ya hospitali. Kati ya wagonjwa 66, walifariki 15.

Kichocho cha visiwani

Marburg huja na kuondoka. Ilirudi Kagera Januari 2025, safari hiyo wilayani Biharamulo, na watu 10 walipoteza maisha. Lakini katika Ziwa Viktoria kuna ugonjwa usioondoka.

Wilaya ya Muleba ina visiwa vingi: Bumbire, Goziba, Ikuza, Kerebe na vinginevyo. Maisha ya huko ni maji. Wavuvi huingia majini kusukuma mitumbwi, wanawake huosha dagaa na vyombo ufukweni, watoto huogelea. Konokono wa majini hutoa vimelea vinavyopenya ngozi, na minyoo ya kichocho cha tumbo huishia kwenye mishipa ya utumbo, ambako hutaga mayai.

Mayai mengi husombwa na damu hadi kwenye ini na kukwama katika matawi madogo ya ule mshipa mkuu. Mwili huyazungushia uvimbe, uvimbe hugeuka kovu, kovu huibana njia. Kwa miaka mingi mgonjwa huweza asijue, kwa sababu ateri hufidia upungufu na seli za ini hubaki hai. Wengu huvimba, tumbo hujaa maji, na damu iliyokosa njia hutafuta mishipa ya pembeni kwenye koo la chakula.

Mishipa hiyo ikipasuka, mtu hutapika damu. Ini lililokuwa likitegemea ateri kwa kiasi kikubwa hupoteza na hiyo. Mgonjwa akiwa kisiwani, kila saa ya kusubiri boti ni saa ya ini kukaa bila damu. Na hospitali itakapomwongezea damu, wimbi la madhara ya damu inayorejea nalo litaanza.

Hapa nako RNA ndogo zimeonekana. Minyoo ya kichocho hutoa maikroRNA zake yenyewe, zikiwamo zinazoitwa bantam na miR-277, na vipande vyake vimepatikana kwenye damu ya walioambukizwa. Kwa upande wa mwili wa binadamu, miR-21 inahusishwa na makovu. Watafiti wa China walionyesha mwaka 2015 kuwa kuizuia kwa panya wenye kichocho cha Asia kulipunguza makovu na vifo.

Hata hivyo, dawa ya kuua minyoo yenyewe, prazikwanteli, ipo, ni ya bei nafuu na hutolewa shuleni. Lakini mtu mzima anayeshinda majini akivua si mwanafunzi, na anaweza kupitwa na kampeni hizo mwaka baada ya mwaka.

Selimundu: njia ikizibwa kutoka ndani

Katika selimundu hakuna anayeubana mshipa kutoka nje. Chembe nyekundu za damu zenyewe hukakamaa oksijeni inapopungua, zikajikunja na kukwama. Ndani ya ini, ambako damu hupita polepole kwenye vijia vyembamba, kukwama huko huleta maumivu upande wa kulia wa tumbo, macho ya njano na ini kuvimba. Ni ukosefu wa damu unaojirudia tangu utotoni.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu duniani, ikikadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Watafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walipopima zaidi ya sampuli 17,000 za watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini-magharibi, zilizokuwa zimekusanywa kwa ajili ya kipimo cha VVU, waligundua kuwa takriban mmoja kati ya watano alibeba jeni moja ya selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia alikuwa na ugonjwa wenyewe.

RNA ndogo zimefika huku pia. Matokeo ya Boston yaliyochapishwa mwaka 2021 yalieleza wagonjwa sita waliotolewa seli za uboho, zikawekewa RNA fupi ya kunyamazisha jeni ya BCL11A, kisha zikarudishwa. Miili yao ilianza tena kutengeneza hemoglobini ya kijusi, ambayo haikunji chembe.

Tiba hiyo inahitaji dawa kali za kusafisha uboho na wiki kadhaa hospitalini. Wakati huohuo, utafiti wa watoto 606 katika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa kidonge cha haidroksiyurea kilipunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Kidonge hicho nacho huongeza hemoglobini ya kijusi.

Tusubiri au tuanze?

Katika mijadala ya afya zipo kambi mbili, na kila moja ina hoja nzito.

Ya kwanza inasema mkoa wenye visiwa visivyofikika kirahisi haupaswi kupoteza nguvu kwa molekuli zilizojaribiwa kwa panya. Fedha ziende kwenye damu salama, oksijeni, boti za wagonjwa, prazikwanteli na haidroksiyurea. Kambi hii ina mfano wa hapa nchini. Utafiti wa kudhibiti damu kwa mama baada ya kujifungua, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, ulitumia karatasi ya plastiki ya kupimia damu iliyopotea na kifurushi cha tiba zinazotolewa kwa pamoja. Kupoteza damu kwa kiwango cha hatari, pamoja na upasuaji na vifo vilivyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Hakuna RNA iliyotumika.

Kambi hiyo inakumbusha pia majeraha ya fani yenyewe. MRX34, dawa iliyoiga maikroRNA ya miR-34a, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani, wakiwamo wa saratani ya ini. Mwaka 2016 jaribio lilisimamishwa baada ya madhara makali ya kinga, na wagonjwa wanne walikufa kutokana nayo. Tiba ya RNA dhidi ya Ebola iliyojaribiwa Sierra Leone mwaka 2015 haikuonyesha kuwaokoa wagonjwa, ingawa kwa nyani ilikuwa imefanya vizuri. Bei nayo inatisha: patisirani ilitangazwa kwa dola 450,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka.

Kambi ya pili inajibu kwamba kusubiri kuna gharama yake. Dawa ikitengenezwa kwa kuangalia ini la mgonjwa wa Houston au Oxford, ambalo halijapitia malaria, kichocho wala selimundu, hakuna ajuaye itafanyaje ndani ya ini la Muleba. Kiwango cha miR-122 au miR-21 kwa mvuvi mwenye kovu la kichocho kinaweza kuwa tofauti kabisa na kinachoandikwa vitabuni. Asiyepimwa leo hatahesabiwa wakati dozi inapopangwa.

Hoja hizi mbili zinakutana mahali pamoja, nako ndiko mkoa unakopaswa kuelekea.

Kipimo kabla ya dawa

Seli ya ini ikipasuka, miR-122 humwagika kwenye damu. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa kwa watu waliokunywa parasetamoli kupita kiasi, molekuli hiyo hupanda sana. Kazi zilizofuata zikaonyesha kuwa inaweza kutangulia ALT, kile kimeng'enya ambacho hospitali hupima kila siku. Mwaka 2012, kundi la Rotterdam liliona jambo linalofanana kwa waliopandikizwa ini: maikroRNA za ini zilipanda mapema kuliko vipimo vya kawaida.

Kwa Kagera, ishara hiyo inaweza kuwa na thamani ya haraka kuliko dawa yoyote ya RNA. Mganga aliyepokea mama aliyepoteza damu nyingi, au mtoto wa selimundu mwenye macho ya njano, anahitaji kujua mapema nani ini lake linakwenda kufeli ili ampe rufaa kabla hali haijaharibika. Kutoka Bukoba hadi Bugando ni safari ya meli ya usiku mzima, au zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Uamuzi wa kumsafirisha mtu haupaswi kusubiri siku ya pili au ya tatu.

> Mganga anahitaji kujua mapema nani ini lake linakwenda kufeli, ili ampe rufaa kabla hali haijaharibika.

MaikroRNA zina sifa nyingine inayofaa mazingira haya: ni fupi, na huvumilia kukaa kwenye damu kuliko RNA ndefu. Hupimwa kwa mbinu ileile ya kukuza vinasaba iliyoenea wakati wa UVIKO-19, na ambayo maabara inayohamishika ya Kabyaile, mkoani hapa, ilitumia kuthibitisha Marburg mwaka 2025. Kinachokosekana ni utafiti wa kuonyesha viwango vya kawaida kwa watu wa hapa, na kama kipimo hicho kinatofautisha ini lililokosa damu na ini lililoumizwa na homa ya ini aina ya B, pombe au dawa za kienyeji. Hilo la mwisho ni zito, kwa sababu miR-122 inasema ini limeumia bila kusema limeumizwa na nini.

Kagera imeshaandika sayansi ya dunia

Anayedhani kwamba utafiti wa namna hiyo ni mkubwa mno kwa mkoa huu hajasoma historia yake.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Mradi wa utafiti uliowaunganisha wataalamu wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, ulipima watu mwaka 1987 na kukuta maambukizi kwa takriban asilimia 24 ya watu wazima wa Bukoba Mjini. Vipimo vilivyorudiwa miaka iliyofuata vilionyesha maambukizi yakishuka, na Kagera ikawa miongoni mwa mifano ya mapema ya jamii ya Afrika iliyogeuza mkondo wa janga hilo.

Muleba ikafuata kwa malaria. Katika makundi 48 ya vijiji, wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) Mwanza, hospitali ya KCMC ya Moshi na wa London walilinganisha vyandarua vya kawaida na vile vilivyoongezwa kemikali ya PBO ya kuvunja ukinzani wa mbu. Vyandarua vya PBO vilishinda. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake kwa kutegemea matokeo ya Muleba, na jarida la Lancet likayachapisha mwaka 2018. Mtoto anayelala chini ya chandarua hicho Nigeria au Msumbiji ananufaika na uvumilivu wa kaya za Muleba zilizokubali kuchomwa vidole na kuhesabiwa mbu.

Kwa hiyo watu wa hapa wanajua kushiriki utafiti. Kinachopaswa kuamuliwa ni masharti.

Masharti ya kuanzia

Hatua ya kwanza haihitaji dawa mpya. Hospitali zinazopokea wagonjwa hawa, kuanzia ya rufaa ya mkoa mjini Bukoba hadi Rubya, Ndolage na Kagondo wilayani Muleba, tayari huchukua damu kwa vipimo vya kawaida. Kwa ridhaa ya mgonjwa, kiasi kidogo cha damu hiyo kinaweza kuhifadhiwa kwa saa zinazojulikana: anapofika, baada ya kuongezewa damu, na siku zinazofuata. Sampuli hizo zikilinganishwa na ALT, ultrasaundi ya ini na hali ya mgonjwa anapotoka wodini, Bugando na NIMR zitakuwa na jibu ambalo Houston na Oxford hazina.

Mradi huo uanzishwe pamoja na huduma, katika wodi ileile. Friji ya kutunzia sampuli ikae jengo moja na friji ya damu salama. Mtoto atakayepimwa selimundu kwa ajili ya utafiti aandikishwe siku hiyohiyo kwenye kliniki ya haidroksiyurea. Mvuvi wa Bumbire atakayetoa damu yake apewe prazikwanteli na kupimwa wengu bila malipo. Bila hayo, kambi ya kwanza itakuwa sahihi kulalamika.

Yapo pia ya kuandikwa kwenye mkataba kabla ya chupa ya kwanza kujazwa. Utafiti wa afya nchini huhitaji kibali cha maadili cha kitaifa kupitia NIMR, na sampuli zinazovuka mpaka huhitaji makubaliano yake. Makubaliano hayo yataje mtafiti wa Kitanzania atakayeongoza uchambuzi, maabara ya nchini itakayobaki na nusu ya kila sampuli, na bei ambayo kipimo au dawa itakayotokana na damu hiyo itauzwa kwa hospitali za Tanzania. Matokeo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya halmashauri za Bukoba na Muleba, na wenyeviti wa vijiji vya visiwani wakaribishwe kuuliza maswali kabla makala ya kwanza haijatumwa kwenye jarida lolote la nje.